Mwinyi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Asili, Maana na Uenezi wa Jina Hili la Ukoo

Maswali yaliyokusanywa hapa huulizwa na watu wa namna tatu: vijana waliozaliwa na jina hili bila kuambiwa lilitoka wapi, wazazi wanaotaka kumwandikia mtoto jina la babu bila kulikosea, na watu wa bara ambao wamelijua kwa sababu ya Rais wa awamu ya pili tu. Yamejibiwa kutoka Bagamoyo, mji ambao watu wake wamelitumia jina hili kwa vizazi vingi, kwanza likiwa neno la heshima lililotangulia jina la mtu, na baadaye likiwa jina la ukoo linalokaa mwishoni. Safari hiyo ya kutoka mbele kwenda nyuma ndiyo habari kubwa ya jina Mwinyi, na asiyeifahamu anaweza kuisoma nasaba yake vibaya.

Mwinyi maana yake nini?

Mwinyi ni mwenye. Neno hili, ambalo leo hutumika zaidi kuonyesha umiliki, kama tunaposema mwenye nyumba, mwenye duka au mwenye mali, zamani liliweza pia kusimama peke yake kumtaja mtu aliyekuwa na mahali, na watu, na kauli. Mwenye mji hakuwa mtu aliyeununua mji; alikuwa yule ambaye mji ulimtambua, aliyekaa mbele katika mashauri, na ambaye mgeni hakutua mizigo kabla ya kwenda kumsalimu. Maana iliyo karibu zaidi katika Kiswahili cha leo ni bwana, lakini bwana kwa maana ya kale, yaani mtu huru anayejulikana kwao na anayeweza kusema neno likasikilizwa. Utajiri ulikuwamo ndani ya maana hiyo kwa mbali tu, kwani mtu aliweza kuitwa mwinyi huku akivaa kanzu moja.

Ndugu wa neno hili tunawatamka kila siku bila kuwatambua. Mwenyeji ni mmoja wao, na mwenyewe ni mwingine. Mwenyezi, katika kumtaja Mungu, ni mwenye enzi. Hata mwenyekiti ni mwenye kiti, kwa hiyo mtu wa Dunda au wa Magomeni anayekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuomba barua ya utambulisho analitamka neno lile lile ambalo wazee wake walilitumia kwa wakubwa wa mji, isipokuwa sasa limeungwa na kiti.

Je, ni jina la Kiarabu au la Kishirazi?

Ni jina la Kibantu. Kuna mazoea ya kudhani kwamba kila neno la heshima la pwani lilishuka kutoka jahazini, na ni kweli kwamba vyeo kadhaa vya miji ya Mrima, yaani pwani ya bara inayoelekea Unguja, vilikuja kwa njia hiyo: waziri, amiri na diwani ni maneno ya ng'ambo. Mwinyi halimo katika kundi hilo. Shina lake limeenea katika lugha za Kibantu kwa sura ya mwene, na limewahi kubeba mamlaka makubwa mbali sana na bahari ya Hindi. Wafalme wa Kongo waliitwa Mwene Kongo, na Wareno wakaandika Manikongo. Mtawala wa nchi za kusini mwa mto Zambezi aliitwa Mwene Mutapa, na Wareno hao hao wakaandika Monomotapa. Karibu zaidi nasi, katika milima ya Usambara mkoani Tanga, Wasambaa wanasimulia habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Ungulu akawa mfalme wao, na sifa ya ufalme huo ni Simba Mwene. Mtu wa Tanga anayesikia sifa hiyo na mtu wa Bagamoyo anayeitwa Mwinyi wanasikia neno moja lililopita katika vinywa tofauti.

Familia fulani inaweza kabisa kuwa na asili ya Hadhramaut huko Yemeni, ya Barawa huko Somalia au ya Kishirazi na bado ikaitwa Mwinyi. Hilo linaonyesha jinsi wageni walivyopokea heshima ya wenyeji walipokuwa watu wa mji, na wala halilifanyi neno lenyewe kuwa la kigeni.

Kwa nini ninaona Mwenyi, Muinyi, Muini na Mwenye? Ipi ni sahihi?

Zote ni neno moja. Sababu ya kwanza ni lahaja, kwa kuwa upande wa Lamu mwenye na mwenyi ndizo zilizozoeleka, na ndiyo maana mshairi mashuhuri wa Lamu anajulikana kwa jina la Mwenye Mansabu, ilhali huku Mrima na Unguja sauti imekuwa nyembamba zaidi, yaani mwinyi.

Sababu ya pili ni maandishi, na hii inastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo kwa sababu inawasumbua wengi wanaotafuta majina ya wazee katika karatasi za zamani. Kabla ya herufi za Kilatini, watu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na katika maandishi hayo ya kawaida alama ya kasra ilitumika kwa sauti ya e na kwa sauti ya i pia. Aliyeandika jina la baba yake hakuwa na haja ya kuchagua kati ya Mwenyi na Mwinyi, kwa kuwa karatasini yalikuwa kitu kimoja na msomaji alitamka kama alivyozoea kwao. Tena herufi hizo hazikuwa na alama moja kwa ajili ya sauti ya ny, hivyo iliandikwa kwa nuni na ya. Wazungu walipokuja kulihamisha jina katika herufi zao, kila mmoja aliandika alivyosikia. Burton, msafiri Mwingereza aliyeanzia safari yake ya bara Kaole, jirani na Bagamoyo, mwezi Juni 1857, aliandika Muinyi. Stanley, msafiri aliyemfuata miaka ya baadaye, aliandika Muini. Wajerumani waliandika Mwenyi. Visiwani Ngazidja, yaani Komoro, ambako neno hili lipo kama lilivyo kwetu, tahajia ya Kifaransa imelifanya Mouigni, na mtu asiyejua anaweza kudhani ni jina la Ulaya.

Leo tahajia ya Mwinyi ndiyo iliyoenea Tanzania. Hata hivyo, ikiwa cheti cha babu kinasema Mwenyi, babu hakukosea.

Linatamkwaje?

Lina silabi mbili, mwi na nyi, na mkazo hukaa kwenye ile ya kwanza. Likiungwa na neno jingine, mkazo huhamia silabi ya pili kutoka mwisho wa jina zima, kama ilivyo ada ya Kiswahili.

Zamani lilitumiwa vipi katika miji ya Mrima?

Lilitangulia jina la mtu, kama leo tunavyosema Mzee fulani au Bwana fulani, lakini kwa uzito zaidi. Miji ya Mrima, tangu Tanga na Pangani, kupitia Saadani, Winde, Bagamoyo na Kaole, mpaka Kunduchi na kusini zaidi, ilikuwa na majumbe na madiwani wake, yaani wakuu wa miji, ambao waliendelea kuheshimiwa hata sultani wa Unguja alipokuwa na liwali wake mjini. Wakubwa hao, na waungwana wengine waliotambuliwa kuwa watu wa mji, waliitwa kwa kutanguliziwa mwinyi.

Ushahidi mzuri kuliko wote tunao hapa hapa Bagamoyo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyezaliwa Dunda, ndiye mwandishi mkuu wa kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa Göttingen mwaka 1903 chini ya uhariri wa Carl Velten, na ambacho mpaka leo ni hazina ya kwanza ya kujua watu wa Mrima waliishi vipi. Litazame jina lake polepole. Yeye ni Mtoro. Baba yake ni Bakari. Mwinyi ni heshima ya baba, wala si jina la tatu. Mtu akiulizwa jina la ukoo wa Mtoro na kujibu kwamba ni Mwinyi, atakuwa amekisoma kitu cha karne ya 19 kwa miwani ya fomu za leo.

Mtoro alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, baadaye akafundisha Hamburg, na akafariki Berlin mwaka 1927. Katika karatasi za Ujerumani anaonekana mara nyingi kama Mtoro Bakari. Neno la heshima lilianguka njiani, kwa sababu karani wa kule alitaka jina la mtu na jina la baba tu, na hakujua kwamba katika kulipunguza jina alikuwa amempunguzia mzee wa watu cheo chake.

Basi lilihamaje kutoka mbele ya jina hadi mwisho, likawa jina la ukoo?

Watu wa pwani walitumia ubini: Fulani bin Fulani bin Fulani, mpaka pale kumbukumbu inapokoma. Katika utaratibu huo hakuna jina moja linalobaki palepale kwa vizazi vyote, kwa maana kila mtoto hubeba jina la baba yake, na ukoo hutajwa pale unapohitajika tu, kwa mfano katika kuposa au katika kugawa mirathi. Mtu hakuulizwa jina la mwisho, kwa kuwa jina la mwisho halikuwako.

Mambo yalibadilika serikali ilipoanza kuhesabu watu na kuwaandika. Shule ya serikali ya Wajerumani ilifunguliwa Tanga mwaka 1892, na shule huhitaji orodha ya wanafunzi. Kodi ya nyumba ilikuja mwaka 1898, na kodi huhitaji daftari. Waingereza waliendeleza vitabu hivyo hivyo, na baada ya uhuru yakaja majina matatu yanayotakiwa katika kila fomu: jina la kwanza, la kati na la ukoo. Chukua mtu wa kubuni, Salimu bin Mwinyi Kondo, anayefika mbele ya karani. Karani mmoja atamwandika Salimu Kondo, akiitupa heshima kama walivyofanya wale wa Berlin. Wa pili atamwandika Salimu Mwinyi, akidhani kwamba mwinyi ndilo jina la baba. Wa tatu atayaunganisha mawili na kumwandika Salimu Mwinyikondo. Makarani wote watatu waliishi, na kazi yao bado tunaishi nayo: ndiyo sababu katika nyumba moja hukutana ndugu wa baba mmoja ambao majina yao ya mwisho hayafanani hata kidogo.

Jina likishaandikwa hivyo kwa kizazi kimoja, watoto hulirithi. Mfano unaojulikana na wote ni wa familia ya Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyezaliwa mkoa wa Pwani tarehe 8 Mei 1925, akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano tangu 1985 hadi 1995, na akafariki tarehe 29 Februari 2024. Mwanawe, Rais wa Zanzibar tangu 2020, ni Hussein Ali Mwinyi. Kwa ubini mkavu wa zamani angekuwa Hussein Ali Hassan, lakini Hassan amepisha na Mwinyi amebaki, na hapo ndipo unapoona kwa macho jina la ukoo likiwa limekamilika.

Majina kama Mwinyimvua, Mwinyikondo, Mwinyijuma na Mwinyimkuu yana maana gani?

Haya ndiyo majina adimu hasa, na ndiyo yenye utamu. Kwa mtazamo wangu yanagawanyika katika aina tatu, ingawa mipaka yake haikukatwa kwa kisu.

Yako yaliyotokana na jina la mtu. Mwinyijuma ni Mwinyi Juma, Mwinyihaji ni Mwinyi Haji, Mwinyishehe ni Mwinyi Shehe. Mzee mmoja aliyeheshimiwa aliitwa hivyo akiwa hai, wajukuu wakaendelea kutajwa kwake, na maneno mawili yakashikana. Watu wa Dar es Salaam wanaokwenda Mwananyamala kwa Mwinyijuma wanalitaja jina la namna hii kila wanapopanda gari.

Yako yaliyotokana na sifa, na hapa Mwinyimkuu ndilo kubwa lao, yaani bwana mkubwa, mkuu wa wakubwa. Hili limekuwa pia cheo cha utawala, kama itakavyoelezwa chini.

Aina ya tatu ni ya yale yanayoonekana kumtaja mtu kwa kitu alichokuwa nacho au alichokisimamia. Mwinyikambi ni mwenye kambi, na katika nchi ambayo misafara ilipanga kambi zake kabla ya kuvuka kwenda bara, neno hilo lilikuwa na kazi. Mwinyipembe ni mwenye pembe, na hakuna mtu wa Bagamoyo anayehitaji kuelezwa pembe zilikuwa na maana gani katika mji uliopokea misafara ya pembe za ndovu. Mwinyimvua ni mwenye mvua, na Mwinyikondo, ukifuata Kiswahili cha kale ambamo kondo ni vita, ni mwenye vita, maana ambayo kondo linayo pia kwa jirani zetu Wazaramo.

Lakini msomaji asikimbilie. Mvua na Kondo ni majina ya watu pia huku Mrima. Mtoto aliyezaliwa siku ya mvua kubwa huweza kuitwa Mvua, na aliyezaliwa wakati wa vita huweza kuitwa Kondo, kwa hiyo Mwinyimvua anaweza kuwa mzao wa mtu aliyesifiwa kwa mvua, na anaweza vilevile kuwa mzao wa mzee aliyeitwa Mvua tu. Maana ya maneno yenyewe ni wazi. Lakini habari ya ni mvua ipi iliyokusudiwa iko kwa wazee wa ukoo, na kamusi haiwezi kuitoa.

Je, watu wote wanaoitwa Mwinyi ni ndugu?

Hapana. Neno lililokuwa heshima ya watu wengi katika miji mingi limegeuka kuwa jina la ukoo mahali pengi kwa wakati mmoja. Mwinyi wa Pangani na Mwinyi wa Mkuranga huenda hawana babu mmoja, kama vile Mzee wa hapa na Mzee wa kule hawana.

Je, kuitwa Mwinyi kunaonyesha kwamba ukoo wetu ulikuwa wa majumbe?

Huenda, lakini jina peke yake halitoshi kuthibitisha. Mwinyi lilitumiwa kwa wakubwa wa mji, na pia lilitumiwa kwa adabu kwa muungwana wa kawaida mwenye umri na familia. Zaidi ya hayo, heshima za pwani zilikuwa zikihama. Bagamoyo ilikuwa mji wa watu waliotoka kila upande: Wazaramo, Wakwere, Wadoe, Wanyamwezi waliokuja na mizigo wakabaki, watu wa Barawa, Wahindi, Waarabu, na maelfu ya watu walioletwa kwa nguvu. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Tanganyika mwaka 1922, na wengi waliokuwa wameitwa kwa majina waliyopewa na wengine walijichagulia majina ya watu huru. Ninaliona jambo hilo kuwa la heshima kubwa. Mtu aliyenyimwa ubini kisha akasimama na kumwita mwanawe Mwinyi alikuwa na haki ya neno hilo kuliko wengi waliolirithi wakiwa wamelala, na mzao wake asione haya kulisimulia.

Mwinyi Mkuu wa Unguja ana uhusiano gani na jina hili?

Ana uhusiano wa neno, na si lazima uwe wa damu. Mwinyi Mkuu kilikuwa cheo cha mtawala wa wenyeji wa Unguja, aliyeendelea kutambuliwa na watu wake wakati wa masultani wa Kiomani. Makao yake yalikuwa Dunga, katikati ya kisiwa, ambako magofu ya jumba lake bado yanatembelewa, na alama za utawala wake zilikuwa ngoma na siwa, yaani baragumu kubwa la heshima. Mwinyi Mkuu wa mwisho alifariki mwaka 1873, na sultani hakuruhusu mwingine ashike nafasi hiyo. Anayeitwa Mwinyimkuu leo Bagamoyo au Tanga asijihesabu moja kwa moja kuwa wa Dunga, maana miji ya bara ilikuwa na wakuu wake wenyewe.

Kwa nini jina hili linapatikana Ujiji na mashariki ya Kongo?

Wapenzi wa mpira waliuliza swali hili sana Yanga ilipokuwa na kocha Mkongo, Mwinyi Zahera, katika miaka ya 2018 na 2019, wakishangaa jina la pwani limefikaje huko. Jibu ni barabara ya misafara, iliyoanzia Bagamoyo na miji jirani, ikapita Tabora, ikafika Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika na kuingia Manyema. Watu wa Mrima waliokwenda huko hawakuwa wapita njia wote. Wengine walijenga, wakaoa, wakazika na kuzikwa huko, na waliitwa kwa heshima waliyokuwa nayo kwao. Mwinyi Kheri alikuwa mkubwa wa Ujiji Stanley alipopita huko mwaka 1876. Mwinyi Dugumbi na baadaye Mwinyi Mohara walikuwa wakubwa wa Nyangwe, kwenye mto Lualaba, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka pwani ya bahari. Kiswahili kilipokita mizizi kule, mwinyi lilibaki nacho, na watoto wakapewa likiwa jina la kwanza, jambo ambalo hata huku pwani lipo. Hivyo basi neno moja lina makao matatu: mbele kama heshima, mwanzoni kama jina la mtoto, na mwishoni kama jina la ukoo.

Si yote yaliyopita katika barabara hiyo yaliyo mema kuyakumbuka. Pembe na watu vilishuka kwa njia ile ile iliyopandishia majina, na baadhi ya waliobeba heshima ya mwinyi walikuwa wafanyabiashara wa binadamu. Anayelichambua jina hili kwa uaminifu hana budi kulisema na hilo.

Wanawake huitwaje?

Heshima ya mwanamke iliyolingana na mwinyi ilikuwa mwana, ambayo haikumaanisha mtoto, bali bibi mwenye daraja. Malkia wa Unguja wa karne ya 17 alijulikana kama Mwana Mwema, na Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate aliitwa hivyo kwa sababu hiyo hiyo. Majina kama Mwanahawa, Mwanajuma na Mwanamkuu yameungwa kama yalivyoungwa ya kina Mwinyi.

Kama jina la ukoo, Mwinyi hubebwa na wanawake sawasawa na wanaume. Na kwa kuwa mila ya Kiislamu ya pwani humwachia mwanamke ubini wa baba yake hata baada ya kuolewa, mara nyingi mama na shangazi ndio waliolihifadhi jina ilhali makarani walikuwa wakiwabadilishia kaka zao.

Limeenea kiasi gani leo?

Peke yake, Mwinyi ni jina linalofahamika na kila Mtanzania kwa ajili ya marais wawili, lakini walio nalo si wengi nje ya ukanda wake. Ukanda huo ni Unguja na Pemba, mkoa wa Pwani, Dar es Salaam, pwani ya Tanga mpaka kwa Wadigo wa mpakani na Kenya, na vituo vya njia ya misafara upande wa magharibi. Ukipanda kwenda Kilimanjaro, Mbeya au Kagera, mwenye jina hili karibu kila mara atakuambia kwamba baba au babu alitoka pwani, au alitoka Ujiji.

Yale ya kuungwa ni adimu zaidi, kwa sababu kila moja lilianza na mzee mmoja au wachache, na kwa hiyo huishi katika vijiji vichache. Anayekutana na mtu wa jina la kuungwa kama lake ana sababu nzuri zaidi ya kuuliza undugu kuliko anayekutana na Mwinyi mwenzake mtupu.

Tahadhari moja: ziko orodha katika intaneti zinazotaja idadi ya watu wa kila jina katika kila nchi. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, lakini sensa haichapishi hesabu ya majina ya koo, kwa hiyo tarakimu za namna hiyo ni makadirio ya watengenezaji wake.

Je, kuna uhusiano kati ya Mwinyi na umwinyi?

Upo, na unawaumiza wengi. Neno lilipoingia katika siasa baada ya uhuru, umwinyi liliwekwa pamoja na ukabaila na ubwanyenye, likiwa na maana ya desturi ya mtu kukaa juu ya jasho la wengine. Katika mazungumzo ya mitaani likapungua zaidi, likawa kusema kwamba mtu ni mvivu anayependa kutumikiwa, na mara nyingi hurushwa kwa watu wa pwani kwa jumla, watoto wetu wakiwamo shuleni. Kupinga unyonyaji ilikuwa haki. Kulichukua neno la heshima la watu fulani na kulifanya jina la uvivu wao ni jambo jingine, hasa ukikumbuka kwamba wengi walioitwa mwinyi walikuwa wavuvi waliolala baharini na wakulima wa minazi na mpunga. Mzazi akiulizwa na mtoto aliyetaniwa, amweleze maana ya kwanza ya neno, ambayo ni ya kale kuliko ile ya siasa kwa karne nyingi.

Jina letu limeandikwa tofauti katika vyeti. Tufanye nini?

Shida hii ni ya kawaida mno kwa majina ya kuungwa. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwinyi Mvua kwa maneno mawili, cheti cha shule kinasema Mwinyimvua, na kitambulisho cha Taifa kimelifanya Mwinyi kuwa jina la kati na Mvua kuwa la ukoo. Nimeshuhudia mirathi ya nyumba moja ikichelewa kwa muda mrefu kwa sababu ndugu wa tumbo moja walitakiwa kuthibitisha kwamba ni ndugu.

Kama tofauti ni ya tahajia tu, kwa kawaida huanzia kwenye hati ya kiapo, inayoapwa mbele ya wakili au hakimu, ikieleza kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Kama unataka kubadili jina lenyewe, hutumika hati rasmi ya kubadili jina inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati, na kisha ndipo kumbukumbu za NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya Taifa, na nyingine hurekebishwa. Tanzania Bara, vizazi na vifo husajiliwa na wakala wa serikali uitwao RITA, na makosa ya cheti cha kuzaliwa hushughulikiwa huko. Kwa mtoto mchanga, ushauri wangu ni kuandika jina la kuungwa kwa neno moja tangu siku ya kwanza, na kaka na dada zake wote wafuate hivyo hivyo, kwa sababu maneno mawili daima hutafuta nafasi ya kutengana.

Nianzie wapi kutafuta nasaba yangu?

Anza na shangazi mkubwa aliye hai, kabla ya karatasi yoyote. Usimwulize jina la ukoo. Mwulize ubini: baba yake nani, babu yake nani, na mwinyi alikuwa nani kati yao. Jibu la swali hilo la mwisho ndilo linalofungua mlango, kwa sababu litakuonyesha ni kizazi kipi ambacho heshima iligeuka kuwa jina. Mwulize pia wamezikwa wapi, maana makaburi ya Kaole, ya Mlingotini na ya mitaa ya zamani hutaja watu kwa nasaba kuliko daftari la serikali linavyofanya.

Baada ya hapo tafuta karatasi za nyumbani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama hati za mashamba ya minazi, talaka, wasia na barua, ukikumbuka kwamba Mwenyi na Mwinyi ndani yake vinaandikwa sawa. Chuo cha Kurani cha mtaani mara nyingi kina mwalimu anayeweza kukusomea. Nyaraka za Taifa zilizoko Dar es Salaam zina majalada ya wakati wa Wajerumani na wa Waingereza. Ukienda huko, nenda na orodha ya tahajia zote zilizotajwa juu, pamoja na jina la mzee bila mwinyi kabisa, kwa sababu huenda karani alikuwa wa aina ya wale waliomwandika Mtoro Bakari.

Ukimaliza, andika ulichokipata kwa mkono wako, kwa majina kamili ya wanaume na wanawake, na mwachie nakala shangazi uliyeanza naye ahakikishe kabla hujaisambaza kwa ukoo.